Meli ya Ukurasa wa Kwanza

Picha ya meli haitoki kwenye albamu. Nimewaambia watoto wangu kwa mdomo, na sasa naandika, ili siku nitakapokuwa sipo asitokee mtu wa kusema kwamba mzee alilegea mwishoni. Maishani mwangu nimeachia mengi ambayo ningepaswa kuyashika, na nimeshika mengi ambayo ningepaswa kuyaachia. Hili nalishika nikijua ninashika nini.

Albamu yenyewe ni ya kawaida. Ina jalada jekundu lenye maua ya dhahabu yaliyochubuka, na kurasa za kunata zilizofunikwa plastiki. Mke wangu aliipata kambini Tanzania, na ilisafiri na sisi kwa ndege mpaka Amerika ikiwa ndani ya mfuko wake wa mkononi, kwa sababu hakutaka kuiamini mizigo. Kwetu sisi Warundi tuliokulia makambini, mgeni akiingia nyumbani hupewa kiti, hupewa soda, kisha huwekewa albamu mapajani, aiangalie wakati chakula kinaiva. Hivyo anakutana na walio mbali na waliokufa bila mwenyeji kuhangaika kueleza sana. Ukurasa wa kwanza ni wa heshima. Watu huweka hapo picha ya harusi, au ya wazazi, au ya mchungaji aliyewabatiza. Kwetu, ukurasa wa kwanza una meli iliyokwama kwenye barafu.

Ni picha ya zamani sana, ya rangi ya chai. Meli ina milingoti mitatu, na kamba zake zimeganda zikawa nene kama mikono ya mtu. Imelalia ubavu kidogo. Chini yake hakuna maji, ni barafu tupu iliyopasuka na kuinuka kama kuta za nyumba iliyobomolewa. Mbele wamesimama wanaume wenye ndevu na makoti ya manyoya, mbwa wamelala miguuni pao. Mmoja amejitenga na wenzake. Amevaa aproni juu ya koti na ameshika mwiko. Nyuma yake, kwenye bomba dogo lililotokeza juu ya meli, moshi unapanda.

Mgeni akifika hapo alikuwa lazima aulize.

"Mama, na hawa ni akina nani?"

"Huyo wa katikati, mwenye kofia kubwa, ni baba watoto," mke wangu alikuwa anajibu kutoka jikoni, bila hata kugeuka. "Hapo anatupeleka Columbus."

Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, kwa meno tu.

Tulianzia Louisville. Ndiko ndege ilikotuleta, na ukiniuliza leo, ndiko tulikopaswa kubaki. Mimi nilifanya kazi ya usiku kwenye ghala la vifurushi. Mke wangu alipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, kuwaosha, kuwalisha na kuwageuza kitandani. Jumapili aliimba kwaya katika kanisa letu, Warundi na Wakongo pamoja, tukisali kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyotutosha wote. Binti yetu mkubwa alikuwa darasa la mwisho la sekondari. Mdogo alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Katika nyumba ile ya wazee kulikuwa na bibi mmoja wa Kizungu asiyetembelewa na mtu. Alikuwa na albamu nzito ya ngozi juu ya kabati lake. Wafanyakazi wengine waliipangusa vumbi wakapita. Mke wangu siku ya kwanza aliiona, akavuta kiti, akaketi, akaiweka mapajani na kuifungua, kama mgeni anavyofanya kwetu. Alikuwa hajui kwamba huku mtu hafungui albamu ya mwenzake bila kuombwa. Bibi alimtazama kwa muda, kisha akaanza kumwonyesha kwa kidole.

Kiingereza cha mke wangu wakati huo kilikuwa cha kazi tu: kula, geuka, dawa, choo. Lakini bibi alirudia hadithi ileile kila zamu, kwa maneno na kwa mikono, mpaka ikaingia. Yule mwenye aproni alikuwa baba yake. Alikuwa mpishi wa meli iliyokwenda mwisho wa dunia, mahali ambapo jua likizama linakaa miezi bila kurudi. Kila asubuhi mpishi aliteremsha ndoo baharini kuteka maji ya kuoshea vyombo, na kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua kwamba bahari inaanza kuwa nzito. Ndoo ilikuwa inapanda na ukoko kama wa uji uliopoa. Akaenda kumwambia nahodha kwamba warudi. Nahodha akamjibu: "Mpishi, angalia sufuria zako."

Basi wakakwama. Walikaa humo mpaka wakala mbwa wengine wasiokuwemo kwenye picha. Mwishowe walitoka wakiwa hai, na bibi alisema walitoka kwa sababu ya sufuria hizo hizo. Baba yake hakupenda kuongea habari hiyo, lakini alipooa na kuanza kuweka picha za familia, meli aliiweka mbele, kabla ya picha ya harusi. Mkewe alipolalamika alimwambia: kama hatungetoka hapo, wewe na watoto hamngekuwepo kwenye ukurasa wa pili.

Hayo yote mimi wakati huo sikuyajua. Mke wangu alikuwa akirudi kutoka kazini mimi nikiwa natoka, tukipishana mlangoni kama watu wa zamu mbili za kiwanda kimoja.

Ndipo rafiki yangu akapiga simu kutoka Columbus, jimbo la Ohio. Huko, alisema, maghala ni mengi, watu wetu ni wengi, na mtu mwenye elimu ya sekondari kama mimi hawezi kukosa kuwa msimamizi. Neno hilo "msimamizi" lilinikaa kichwani. Nilimwambia mke wangu tunahama. Ilikuwa katikati ya majira ya baridi.

"Tungoje shule ifungwe," alisema. "Binti amalize. Theluji nayo iyeyuke. Columbus haina miguu, haitakimbia."

"Kazi haingoji."

"Kazi gani? Ameitaja?"

Nilikasirika, kwa sababu hakuwa ameitaja. Nikasema: "Mama, wewe angalia sufuria zako. Safari niachie mimi."

Nilitegemea atalia au atajibu. Alinitazama kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani katika nchi ya mbali, kisha akaketi sakafuni akacheka. Alicheka akishika tumbo. Niliondoka chumbani nikidhani ananidharau. Kumbe nilikuwa nimesema neno kwa neno alichosema yule nahodha.

Siku ya kuaga, bibi aliibandua picha kutoka kwenye albamu yake kwa kucha, polepole, akampa mke wangu. Hakuwa na mtoto. Alisema, kwa kadiri mke wangu alivyoelewa, kwamba mtu anayejua kuketi na albamu ndiye mwenyewe.

Tuliondoka na gari dogo la mizigo nililolipata kwa mtu, lililokuwa likikohoa tangu siku nilipolichukua. Mke wangu alipakia sufuria ya wali na maharage aliyoizungushia blanketi mbili. Nilimwambia ni safari ya asubuhi moja tu, chakula cha nini. Aliiweka miguuni pake. Tulipita Cincinnati vizuri. Baadaye theluji ilianza kuja kwa upande, kama mtu anayemwaga unga, na gari likakohoa mara ya mwisho kando ya barabara kuu. Malori yalipita yakitutikisa. Nilifungua boneti nikasimama mbele yake, nikigusa huku na kule, ingawa ninajua injini kama ninavyojua Kichina.

Niliporudi ndani, madirisha yalikuwa yameshaingia ukungu wa pumzi zetu. Watoto walikuwa wanakula wali wa moto. Mke wangu alitoa picha kutoka ndani ya Biblia, akaishikiza kwenye kioo cha mbele.

"Nahodha," alisema, "tumefika."

Ndipo aliponisimulia yote, tukiwa tunangoja mtu wa kutuvuta. Bibi, mpishi, ndoo, na lile neno. Binti mkubwa alicheka na mama yake. Mimi nilikula wali wangu nikitazama nje. Ningesema "nisamehe, turudi", tungerudi. Louisville ilikuwa nyuma yetu kidogo tu na nyumba ilikuwa haijapata mpangaji. Sikusema. Hilo halina mtu mwingine wa kulibeba. Si rafiki yangu wa Columbus, si gari, si theluji.

Usimamizi haukuwepo. Kulikuwa na kazi ya kufunga viatu kwenye maboksi. Shuleni walimrudisha binti yetu nyuma kwa sababu masomo hayakulingana, akakaa na watoto wadogo kuliko yeye, akavumilia kidogo, kisha akaacha. Akaja kufunga viatu karibu nami. Nilikuwa nawaambia watu kanisani kwamba binti yangu ni mchapakazi.

Mpaka wakati huo, ukurasa wa kwanza wa albamu ulikuwa na picha yangu. Ilipigwa kambini siku niliyochaguliwa kuwa katibu wa kanisa, nimeweka mkono juu ya Biblia na nimevaa tai ya kuazima. Jioni ile binti alipoleta nyumbani kitambulisho chake cha kazi, mke wangu alifungua albamu, akabandua tai yangu, akaipeleka ukurasa wa mwisho, na kuweka meli mahali pake. Alisugua plastiki kwa kiganja mpaka hewa yote ikatoka.

Ungedhani nilijifunza. Sikujifunza. Watu fulani huko Buffalo walikuwa wameanzisha ushirika mpya wakatafuta mzee wa kanisa. Walinipigia, wakaniita Mzee kwa sauti niliyoipenda. Binti mkubwa alikataa kuhama. Alikuwa ameshapata mchumba huko huko, akabaki Columbus, na yuko huko hadi leo. Sisi wengine tukahama. Nilikaa kiti cha mbele kwa muda mfupi, kisha wenye ushirika wakagombana kuhusu nani ashike funguo za ukumbi, wakagawanyika vipande viwili. Na vyote viwili vikaona kwamba mimi ni wa upande ule mwingine. Nikaanza kupanda basi kwenda kiwandani Tonawanda pamoja na vijana.

Na theluji ya Buffalo haifanani na ya Ohio. Inatoka ziwani imejaa hasira. Mwaka mmoja iliziba mlango wetu wa mbele mpaka juu ya kitasa, na nyumba yetu ya mbao ikawa inalia usiku kucha. Nilikuwa nimesimama ndani na koleo la kuzolea theluji, nikijiuliza nitaanzia wapi kama mlango wenyewe hausukumiki. Mke wangu alikuwa jikoni anakaanga vitunguu.

"Sasa nahodha umefika kabisa," alisema. "Huko mbele hakuna tena. Njoo ule."

Mara moja tu nilijaribu kuitoa picha. Wageni wa heshima walikuwa wanakuja, wachungaji wawili, na sikutaka wasikie tena habari ya Columbus. Niliificha ndani ya droo ya soksi. Mke wangu aliona ukurasa mtupu wenye alama ya pembe nne, akaiweka albamu mezani vilevile. Wageni walipofungua, mmoja akasema, "Mama, hapa palikuwa na nini?" Akajibu, "Muulize baba watoto, ndiye aliyeanza safari." Wote wakanigeukia. Nilijua hakuna nitakachosema kisichochekesha zaidi ya picha. Walipoondoka niliirudisha mwenyewe.

Mke wangu alikufa hapa Buffalo, kwa ugonjwa wa figo. Hakupata kwaya nyingine iliyomfaa. Alikuwa anaimba jikoni, sauti ya pili, bila mtu wa kushika ya kwanza. Hilo ndilo linaloniamsha, zaidi ya gari na viatu.

Wakati wa msiba, albamu ilizunguka mikononi mwa watu siku zote za maombolezo. Kutoka Louisville alikuja mzee mmoja Mkongo wa Uvira, aliyekuwa kiongozi wa kwaya yake. Alikaa na ukurasa wa kwanza kwa muda mrefu. Hakuuliza ni akina nani. Alikuwa ameshasikia kwenye simu, miaka yote ile. Mke wangu alikuwa akimpigia yeye na mkewe, wakiimba pamoja simuni Jumamosi, na mimi sikujua mpaka siku hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka huu binti yetu mdogo, yule aliyekuwa anabebwa mgongoni, amepata mchumba, kijana wa Louisville, na watu wake wakapanga kuja kuposa. Msemaji wao akatajwa kuwa yule yule mzee wa kwaya. Anayejua posa zetu anajua kazi ya msemaji. Anakuja amenoa mdomo. Lolote atakaloliona ndani ya nyumba yenu, kiti kibovu, jina la mjomba, kikohozi cha babu, analigeuza silaha ya kupunguzia ng'ombe wa mahari, na ninyi msemaji wenu anamrudishia. Wanaoposa na wanaoposwa hunyamaza. Baba wa binti hunyamaza kuliko wote, akae kama picha.

Binti mkubwa alikuja kutoka Columbus siku mbili kabla, na sufuria zake kubwa kwenye buti la gari. Tulikwenda pamoja Grant Street kununua ndizi, mihogo na samaki wakavu. Tukiwa tunarudi, akiwa ameshika usukani, akasema bila kunitazama:

"Baba, ile picha tuitoe. Siku hiyo tu."

"Haitoki."

"Yule mzee ana mdomo. Atasimama mbele ya watu wote aseme binti anatoka kwa nahodha aliyekwama. Utajisikiaje?"

"Nimeshazoea. Mama yako alinizoesha."

"Wewe umezoea." Akasimamisha gari mbele ya nyumba, lakini hakuzima injini. "Kila mtu anadhani picha ile ni yako na Mama. Utani wenu. Mimi nilikuwa ndani ya gari lile, Baba. Mimi nilikuwa ndani ya meli. Nikifungua ukurasa ule sikuoni wewe, naona darasa langu. Wenzangu walivaa majoho Juni ile, mimi nafunga viatu."

Nilikuwa na mfuko wa samaki mapajani. Nikasema jambo ambalo mpaka sasa sijui kama lilikuwa la ukatili au la kweli. Nilisema: "Ndiyo maana haitoki. Ikitoka, itabaki picha yangu ya tai, na wajukuu watadhani tulifika hapa kwa mpango."

Alizima injini, akabeba ndizi, akaingia ndani. Hatukulizungumza tena. Nilidhani nimeshinda. Mimi ni mtu wa kudhani hivyo.

Siku ya posa sebule yetu ilikuwa imejaa. Wao upande wa dirisha, sisi upande wa jikoni, na soda mezani. Msemaji wao alipewa albamu kama desturi. Alivaa miwani, akalamba kidole, akafungua. Nikaona uso wake umebadilika.

Alisimama, akasema kwa Kiswahili cha kwao Uvira, chenye Kifaransa ndani.

"Bon. Wazazi, tulikuya na njia mrefu, toka Louisville mpaka huku kwenye barafu yenu. Njiani niliambia hawa vijana: kule tunaenda, ni kwenye nyumba ya meli. Mukifungua albamu, ukurasa wa kwanza mutaona meli. Sasa niko nafungua, ninaona nini? Ninaona mzee na tai." Aligeuza albamu watu waione. Ilikuwa picha yangu ya kambini. "Donc niko nauliza. Tumepotea nyumba? Ao meli imezama?"

Watu wakacheka. Msemaji wetu, kijana mwenye ulimi lakini asiyejua habari hii, alisimama akaanza kusema kitu kuhusu meli kwenda gereji. Nilimtazama binti yangu mkubwa. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la sambusa, macho yake sakafuni. Alikuwa ameogopa mtu atakayeicheka picha, kumbe aliyekuja ni mtu anayeitafuta.

Nikasimama. Shangazi wa upande wetu akanivuta koti. "Kaa, Mzee, baba wa binti hasemi." Nikautoa mkono wake.

"Hamkupotea," nikasema. "Meli ipo. Imetolewa leo kwa heshima yangu. Heshima hiyo sikuiomba na siitaki. Picha ile iliwekwa na mama wa binti mnayemwomba, kwa sababu alinishauri vizuri nami nikamwambia aangalie sufuria zake. Mnajua wote, maana alikuwa akiwapigia simu. Mimi ndiye yule mwenye kofia. Mwenye aproni ni yeye. Mtakapoiona, angalieni vizuri moshi, alikuwa bado anatupikia."

Nikaendelea, maana nilikuwa nimeshaanza.

"Ng'ombe ongeeni na msemaji wetu. Mimi ninalo langu moja. Huyu binti kanyonya kwa mama yake. Siku kijana wenu atakapomwambia aangalie sufuria zake, atatafuta picha aiweke ukurasa wa kwanza, na wageni wataiona mpaka wajukuu. Kama kijana hawezi kuishi na albamu ya namna hiyo, soda zetu mmekunywa, barabara ya Louisville iko wazi."

Shangazi alifunika uso kwa kitenge. Nilisikia kijana wa watu akinong'onezwa na mama yake. Msemaji wao alinitazama juu ya miwani, akatikisa kichwa polepole.

"Bon," akasema. "Ng'ombe tulileta, tuko nao hapa kwenye bahasha. Meli hatukuleta." Akangoja kicheko kipite. "Lakini ule mama mimi nilimujua. Aliimba sauti ya pili, na kama wewe wa sauti ya kwanza unakosea, anakufunika mpaka unasikia haya, unarudi kwenye njia. Kama binti yake iko vile, njo ule tunatafuta. Mulete meli tuione, tuendelee."

Kutoka chumba cha ndani, bibi harusi mtarajiwa, ambaye alikuwa akichungulia na hakupaswa kusikika kabisa, alisema kwa Kiingereza kwa sauti kubwa kwamba mtu amletee dada yake kiti. Ndipo nikaona binti mkubwa bado amesimama mlangoni na lile sinia.

Aliliweka chini. Akafungua mkoba wake, akatoa picha. Alikuwa ameifunga kwenye kitambaa cha kichwa cha mama yake, haikuwa imekunjwa hata pembe. Akapita katikati ya sebule mpaka kwa msemaji, akachukua albamu kutoka mikononi mwake, akapiga magoti na kuiweka juu ya kiti. Akabandua tai yangu. Akaweka meli mahali pake, nami nilidhani atasimama. Akarudi tena kwenye mkoba, akatoa picha nyingine ndogo, ya pasipoti, ya msichana wa shule mwenye kola nyeupe na meno yote nje. Ilikuwa ile ya kadi yake ya shule ya Louisville. Sikujua kwamba ameitunza.

"Inakaa wapi, binti yangu?" mzee wa kwaya akamwuliza.

"Hapa," akasema. Akaibandika kando ya meli, pembeni mwa barafu, upande wa yule mpishi. "Kama haitoki, na mimi niwemo. Nilikuwa ndani."

Alisema kwa Kiswahili, akinitazama mimi. Halikuwa jicho la msamaha, wala sikuliomba liwe hivyo mbele za watu. Alishusha plastiki, akaisugua kwa kiganja kuanzia katikati kwenda pembeni, kama mama yake alivyofanya, mpaka hewa yote ikatoka. Kisha akachukua sinia lake la sambusa akaanza na upande wa wageni.

Posa ilikubaliwa. Albamu iko hapa sebuleni, mtaa wa West Side, juu ya meza ya runinga. Binti mdogo ameniomba akiondoka kwenda Louisville aichukue meli, maana ndiko ilikotoka. Nimemkatalia. Nimemwambia mumewe atampa ya kwake.

Na picha yangu ya tai, akiitaka mtu, iko ndani ya droo ya soksi.